Kifungo cha Shati na Picha ya Ubongo

Tangu usonji ulipoanza kutambuliwa kama hali inayojitegemea katika miaka ya 1940, matabibu na walimu wameangalia zaidi maneno ya mtoto, uhusiano wake na watu, na ung'ang'anizi wake wa kufuata utaratibu ule ule kila siku, ilhali mwili unaobeba yote hayo umeachwa pembeni. Jambo hili linashangaza zaidi inapokumbukwa kwamba waandishi wa mwanzo kabisa waliuona ugumu wa mwili na kuuandika. Leo Kanner, aliyechapisha mwaka 1943 taarifa ya watoto 11 aliowachunguza mjini Baltimore, alitaja kwamba baadhi yao walikuwa wazito katika kutembea, ingawa aliusifu uhodari wa vidole vyao; na Hans Asperger, aliyeandika mjini Vienna mwaka uliofuata, alieleza kwa kirefu watoto walioshindwa michezo, walioandika kwa taabu na ambao kuvaa nguo peke yao kulikuwa mtihani wa kila asubuhi. Asperger hasomwi tena kwa heshima aliyokuwa nayo zamani, hasa baada ya mwanahistoria Herwig Czech kuonyesha mwaka 2018 jinsi daktari huyo alivyoshirikiana na utawala wa Kinazi uliowaua watoto wenye ulemavu, lakini alichokiona katika mikono na miguu ya watoto hao kilikuwa cha kweli, nacho kilisahaulika kwa takriban nusu karne.

Ukubwa wa usahaulifu huo umeanza kupimwa miaka ya karibuni tu. Mwaka 2020 Anjana Bhat wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alichambua madodoso ya wazazi wa watoto 16,705 wenye usonji, wa umri wa miaka 5 hadi 15, na kukuta kwamba asilimia 86.9 walikuwa katika hatari ya kuwa na tatizo la miondoko, huku waliokuwa wakipata fiziotherapia wakiwa chini ya theluthi moja. Mwaka huo huo, watafiti wa Australia Magharibi walipitia kumbukumbu za watoto 2,084 wa umri wa chini ya miaka 6 na kubaini kwamba asilimia 35.4 walikuwa na ugumu wa miondoko kwa kipimo kilichojazwa wakati wa uchunguzi, lakini matabibu wenyewe waliuandika ugumu huo kwa asilimia 1.34 tu ya watoto hao. Tarakimu hizi mbili, 35.4 na 1.34, zilitoka katika mafaili yale yale ya watoto wale wale, kwa hiyo kisingizio cha uhaba wa vipimo hakina nafasi hapa: kipimo kilikuwapo, majibu yalikuwapo, na daktari hakuona sababu ya kuyatilia maanani.

Sababu mojawapo ya upofu huo ni ya kiofisi zaidi kuliko ya kitabibu. Mwongozo wa Marekani wa kuainisha matatizo ya akili na ukuaji, ambao hufuatwa na matabibu wengi hata nje ya nchi hiyo, uliwakataza matabibu hadi mwaka 2013 kumpa mtoto mmoja utambuzi wa usonji pamoja na utambuzi wa tatizo la uratibu wa miondoko, yaani hali ambayo wengi huiita dispraksia na ambayo huwapata takriban watoto 5 hadi 6 katika kila 100 walio shuleni. Toleo la mwaka 2013 liliondoa katazo hilo, lakini desturi iliyojengwa na katazo haikuondoka siku hiyo hiyo. Hadi leo kupunga mikono au kujitikisa kwa kurudiarudia kunahesabiwa miongoni mwa dalili za usonji, ila kushindwa kushika kijiko hakuhesabiwi, kana kwamba mwili wa mtoto huyu una maana pale tu unapofanya kitu kisichotarajiwa.

Ili kuelewa kinachokwama, inafaa kufafanua kwanza dhana ya praksia. A. Jean Ayres, mtoa tiba wa Kimarekani ambaye kazi yake itarejelewa hapa chini, aliifafanua kuwa uwezo wa ubongo wa kubuni, kupanga na kutekeleza tendo ambalo mtu hajalizoea. Mchezo wa mdako unatosha kuzionyesha hatua hizo zote kwa pamoja. Mtoto anayecheza mdako sharti kwanza atambue kwamba jiwe linaweza kurushwa na mengine kuchotwa kishimoni kabla halijaanguka; kisha apange nguvu ya mrusho, urefu wa muda alio nao, na umbo ambalo kiganja kitachukua kinaposhuka kuchota; halafu atekeleze yote hayo huku akirekebisha njiani, maana jiwe halirudi pale pale kila mara. Mtoto mwenye usonji anaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na anayemtazama kwa nje haoni ni hatua ipi. Anachokiona ni mtoto anayeangusha, anayechelewa, anayejiondoa mchezoni, na hatimaye anayeitwa mvivu, mzembe au mwenye kiburi na watu ambao hawana nia mbaya naye hata kidogo.

Madhara ya majina hayo ni makubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa urafiki wa watoto wadogo hujengwa zaidi kwa kucheza kuliko kwa mazungumzo. Mtoto asiyeweza kuruka kamba kwa wakati wake, au kukwepa mpira wa rede, huachwa nje ya mduara ambamo wenzake wanajifunza zamu, mzaha na ugomvi wa kusameheana, kisha upungufu wake wa urafiki unaandikwa kwenye faili kuwa ni dalili ya usonji pekee. Haiwezekani kusema kwamba ugumu wa miondoko ndio unaosababisha ugumu wa kijamii, na yeyote anayedai hivyo anauza kitu. Lakini kuyatenganisha mambo haya mawili kana kwamba hayakutani uwanjani kila siku ni kosa la aina nyingine. Hata usemi wenyewe ni kazi ya misuli midogo ya ulimi, midomo na koo inayopaswa kupangwa kwa usahihi mkubwa, na wapo watoto wanaohesabiwa kuwa hawana la kusema ilhali kinachowashinda ni kulitoa.

Ndani ya ubongo, sehemu inayotajwa mara nyingi katika suala hili ni serebela, bonge la tishu lililoko nyuma ya kichwa juu kidogo ya shingo, ambalo ingawa ni dogo kwa ukubwa limebeba takriban seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima. Tangu mwaka 1985, Margaret Bauman na Thomas Kemper walipochunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa na usonji na kukuta upungufu wa seli za Purkinje, yaani zile seli kubwa zinazotoa amri ya mwisho kutoka kwenye gamba la serebela, matokeo ya aina hiyo yamejirudia katika tafiti nyingi za ubongo wa marehemu, ingawa si katika kila ubongo. Baadaye kundi la Stewart Mostofsky huko Baltimore liliwaomba watoto kugonga vidole vyao kwa mpangilio wakiwa ndani ya mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku yenye nguvu kufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo, na taarifa yao ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba watoto wenye usonji walitumia serebela kidogo kuliko wenzao, na kwamba mawasiliano kati ya sehemu za ubongo zinazoshughulikia miondoko yalikuwa hafifu zaidi.

Kazi ya serebela inayohusika hapa si kusukuma misuli bali kutabiri. Kila mara ubongo unapotuma amri kwa mkono, nakala ya amri hiyo hupelekwa serebela, ambayo hukadiria mapema mkono utafika wapi na utahisi nini, ili kosa lirekebishwe kabla halijatokea. Ndiyo sababu mtu hawezi kujitekenya mwenyewe: ubongo umekwisha kuitabiri hisia hiyo na kuipunguza makali. Wanasayansi huuita utabiri huo kielelezo cha ndani, na mtu hukijenga kwa kuunganisha vyanzo viwili vya habari, kile ambacho macho yanaona na kile ambacho viungo vyenyewe vinahisi kuhusu mkao wao. Hisi hii ya pili, ambayo humwezesha mtu kujua kiwiko chake kimekunjwa kiasi gani hata gizani, haimo katika orodha ya hisi tano wanazofundishwa watoto shuleni, na pengine ndiyo maana haifikiriwi.

Mwaka 2009 lilichapishwa jaribio ambalo, kwa uamuzi wa makala haya, lina thamani kuliko picha nyingi za rangi zilizofuata. Courtney Haswell na wenzake, wakiwemo Mostofsky na mhandisi wa miondoko Reza Shadmehr, waliwapa watoto mpini wa mkono wa roboti wausukume hadi kwenye shabaha, huku roboti ikiusukuma mkono upande. Watoto wenye usonji walijifunza kuishinda nguvu hiyo vizuri kama wenzao, jambo ambalo peke yake linapaswa kuwafikirisha wanaoamini kwamba watoto hawa hawajifunzi. Tofauti ilionekana shabaha ilipohamishwa: namna walivyouhamisha ujuzi wao mpya ilidhihirisha kwamba walikuwa wameujenga zaidi juu ya hisi ya viungo na kidogo zaidi juu ya macho kuliko watoto wengine. Tena, kadiri mtoto alivyoegemea viungo kuliko macho, ndivyo alivyokuwa na ugumu zaidi katika kuiga matendo ya wengine na katika mahusiano.

Uzito wa matokeo hayo kwa mwalimu na mzazi unaonekana mara moja mtu anapofikiri jinsi watoto wanavyofundishwa karibu kila kitu. Mama husonga ugali na binti humtazama. Fundi hupiga randa na mwanafunzi husimama pembeni. Mwalimu huandika herufi ubaoni na darasa zima huinakili. Huko kote kunadhaniwa kwamba jicho likishaona, mkono utafuata. Ikiwa kwa mtoto fulani daraja kati ya jicho na mkono ni jembamba, huku lile kati ya kiungo na mkono likiwa pana, basi kumwonyesha mara kumi kile ambacho hakukipata mara ya kwanza ni kumwadhibu kwa njia ya adabu. Anahitaji kufanya, akihisi uzito na ukinzani wa kitu chenyewe, polepole, kwa hatua zilizovunjwavunjwa, na ikibidi akiongozwa mkono kwa ridhaa yake, kwa maana mtoto anayeshikwa kwa nguvu hujifunza kuogopa tendo kabla ya kulijua. Hiyo ni hoja inayotokana na jaribio, si jaribio lenyewe, lakini ni hoja ambayo kila mtu anaweza kuipima nyumbani bila gharama.

Hapo ndipo tiba kwa vitendo inapoingia. Taaluma hii, iliyoundwa rasmi Marekani mwezi Machi 1917 na kikundi kidogo kilichokutana Clifton Springs, New York, inasimama juu ya imani kwamba binadamu hupona na kukua kwa kujishughulisha, na kwamba shughuli zenye maana kwake, kama kula, kuvaa, kucheza na kufanya kazi, ni dawa na ni lengo kwa wakati mmoja. Wengi huichanganya na fiziotherapia. Kwa ufupi, mtaalamu wa fiziotherapia huuliza kama goti linakunjika na lina nguvu, ilhali mtoa tiba kwa vitendo huuliza kama mwenye goti anaweza kuchuchumaa chooni na kuinuka bila kusaidiwa.

Kwa watoto wenye usonji, tawi la tiba hii lililopata umaarufu zaidi ni lile la uunganishaji wa hisi, lililoasisiwa na Ayres, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 1988, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1972. Ayres alidai kwamba matatizo mengi ya kujifunza hutokana na ubongo kushindwa kupanga pamoja habari za mguso, za mizani ya mwili na za viungo, na kwamba bembea, mipira mikubwa, ngazi na vitu vya kugusa, vikitumiwa kwa mchezo ambao mtoto mwenyewe anauongoza, vitausaidia ubongo kujipanga upya. Lilikuwa wazo la kijasiri katika zama ambazo hapakuwa na njia ya kuutazama ubongo wa mtoto aliye hai ukifanya kazi, na kwa sababu hiyo lilikubaliwa na wengi kwa uzuri wake kabla ya kukubaliwa kwa ushahidi wake.

Ushahidi ulipoanza kuja, ulikuja umegawanyika. Mwaka 2012 Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Watoto kilishauri kwamba wazazi waambiwe wazi kuwa utafiti juu ya tiba hiyo bado ni mdogo. Muda mfupi baadaye Roseann Schaaf wa Philadelphia na wenzake walichapisha jaribio la watoto 32 wa miaka 4 hadi 8 waliogawanywa kwa nasibu, ambamo wale waliopata vikao 30 katika wiki 10 walifikia malengo yao binafsi zaidi kuliko wale walioendelea na huduma za kawaida, na walihitaji msaada mdogo zaidi katika kujihudumia. Kisha mwaka 2022 likaja jaribio kubwa zaidi, lililofanyika Wales na Uingereza kwa watoto 138 wa miaka 4 hadi 11, nalo halikuona tofauti yoyote ya hasira na fadhaa kati ya makundi mawili baada ya miezi 6, ingawa familia zilizopata tiba ziliripoti maendeleo katika malengo zilizojiwekea. Wapo waliosoma matokeo hayo kuwa ni hukumu ya kifo kwa mbinu ya Ayres, na wapo waliosema kwamba kilichopimwa kilikuwa hasira, si uwezo wa kutenda, na kwamba tiba ya vitendo ipimwe kwa vitendo. Wa pili wana hoja, lakini hoja hiyo inawabana wao pia: wakitaka kupimwa kwa vitendo, waache kujitetea kwa ubongo.

Katika tawi jingine, lililoanzishwa Kanada na Helene Polatajko na Angela Mandich na linalojulikana kwa kifupi chake CO-OP, mtoto hachezeshwi ili ubongo wake ujipange. Anaulizwa anataka kuweza nini, kisha anafundishwa njia ya kujiongoza kwa hatua nne ambazo ni kuweka lengo, kupanga, kutenda na kukagua. Jill Zwicker na wenzake huko Vancouver waliwapitisha watoto wenye tatizo la uratibu wa miondoko katika mafunzo haya, kikao kimoja kwa wiki kwa wiki 10, wakiwapiga picha za MRI kabla na baada. Stadi walizozichagua watoto ziliboreka, na picha zilionyesha kuimarika kwa mawasiliano kati ya mtandao wa ubongo unaofanya kazi mtu anapotulia na eneo linalohusika na umakini na kusahihisha makosa. Kwa watoto waliokuwa pia na upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia, mabadiliko hayo hayakujitokeza kwa namna ile ile. Watoto hao wa Vancouver walichaguliwa kwa tatizo la miondoko, si kwa usonji, na kuyahamishia matokeo yao kwa mtoto mwenye usonji bila hadhari ni kuruka hatua ambayo sayansi yenyewe haijaipiga. Hadhari hiyo ina msingi: kundi la Lisa Aziz-Zadeh wa Chuo Kikuu cha Southern California lilipoyalinganisha mafungu matatu ya watoto, yaani wenye usonji, wenye tatizo la uratibu pekee na wasio na lolote kati ya hayo, lilikuta tofauti za utendaji wa ubongo zilizowahusu wenye usonji peke yao. Mikono miwili inaweza kuangusha kikombe kile kile kwa sababu mbili tofauti.

Sasa swali la picha zenyewe. Neno kwamba tiba fulani inabadilisha ubongo limekuwa na nguvu ya ajabu masikioni mwa wazazi, na halikosekani katika matangazo ya vituo vinavyotoza fedha nyingi. Lakini kubadilika kwa ubongo si sifa ya tiba. Ni sifa ya kujifunza kokote. Mwaka 2004 Bogdan Draganski na wenzake nchini Ujerumani waliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa kupokezana, na baada ya miezi 3 sehemu ya ubongo inayoshughulikia mwendo wa vitu vinavyoonekana ilikuwa imeongezeka ujazo. Mafunzo yaliposimama kwa miezi 3 mingine, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipungua. Mtoto akijifunza matusi, ubongo wake unabadilika pia. Kwa hiyo anayesema kwamba tiba yake imebadilisha ubongo hajasema lolote ambalo mtoto mwenyewe hakulisema siku alipofunga kifungo cha shati kwa mara ya kwanza, na amelisema kwa gharama kubwa zaidi. Ambacho jaribio la Draganski linafundisha kwa kweli ni kile kilichotokea mazoezi yaliposimama.

Kuna tatizo jingine, la kiufundi, ambalo linawagusa watoto hawa kuliko wengine wote. Mashine ya MRI ina kelele kubwa na inamtaka mtu alale bila kutikisika kwa dakika nyingi. Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walionyesha kwamba mtikisiko wa kichwa wa sehemu ya milimita unatosha kuzaa muundo wa uongo katika data, ambamo mawasiliano ya sehemu za ubongo zilizo mbalimbali huonekana dhaifu na yale ya sehemu za jirani huonekana imara. Huo ndio muundo ambao kwa miaka mingi ulikuwa umetangazwa kuwa alama ya ubongo wenye usonji. Hii haimaanishi kwamba kila kilichoripotiwa kilikuwa mtikisiko, na watafiti wazuri tangu wakati huo wamekaza masharti. Hata hivyo masharti hayo yana bei yake, kwa kuwa mtoto anayetikisika huondolewa katika hesabu, na mtoto asiyezungumza, anayeogopa kelele au mwenye ulemavu wa akili mara nyingi haingizwi kabisa. Watoto wenye ugumu mkubwa zaidi wa miondoko ndio wasiomo katika picha zinazodaiwa kuwaeleza.

Katika Afrika Mashariki mjadala huu una sura yake. Watoa tiba kwa vitendo wanafundishwa hapa hapa, kwa mfano katika chuo kilichoko hospitali ya KCMC mjini Moshi na katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ingawa ni wachache mno ukilinganisha na watoto wanaowahitaji, na wengi wako katika hospitali kubwa za mijini ambako mzazi wa kijijini hufika mara moja au mbili kisha hapotezi nauli tena. Katika mazingira hayo, kungoja mashine au kuiga kituo cha California chenye bembea na madimbwi ya mipira ni kujinyima bure. Tathmini kubwa ya tafiti za tiba kwa vitendo kwa watoto wenye ulemavu, iliyochapishwa na Iona Novak na Ingrid Honan wa Australia mwaka 2019, iliegemea upande wa mazoezi ya shughuli halisi ambazo mtoto anazihitaji, yanayofanyika katika maisha yake ya kila siku na wazazi wakiwa wamefundishwa, badala ya mazoezi ya kurekebisha mwili kwa matumaini kwamba shughuli zitafuata zenyewe. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshwaji wa ukuaji, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa. Kuchota maji kwa kopo, kukunja khanga, kumenya ndizi na kupepeta mchele ni shughuli zenye uzito, ukinzani na hatua, yaani vitu vile vile ambavyo mkono unaotegemea hisi ya viungo unavihitaji, na kila nyumba inavyo.

Kupima nako hakuhitaji sumaku. Mwaka 1968 Thomas Kiresuk na Robert Sherman wa Minnesota walibuni kipimo cha kufikia malengo, ambacho ndicho alichokitumia Schaaf baadaye: lengo moja la mtoto huandikwa kwa ngazi tano, kuanzia hali yake ya chini hadi kuvuka matarajio, kabla tiba haijaanza, na baada ya wiki kadhaa mtu asiyehusika na tiba hutazama mtoto amefika ngazi ipi. Karatasi na kalamu vinatosha, mradi ngazi ziandikwe kwa maneno yanayoonekana kwa macho, kama vile kufunga vifungo viwili kati ya vitano bila kukumbushwa, na si kwa maneno ya kutuliza moyo kama kuonyesha maendeleo mazuri. Kituo ambacho hakiko tayari kuandika ngazi hizo na kumkabidhi mzazi nakala hakina haki ya kuzungumza naye kuhusu ubongo wa mwanawe.

Linabaki suala la nani anayeweka lengo, ambalo katika jamii zenye heshima kubwa kwa wazazi na walimu halina jibu rahisi. Mzazi kwa kawaida hutaka mwandiko unaosomeka, mwalimu hutaka mtoto akae kitini, na mtoto mwenyewe, akiulizwa kwa maneno au kwa kuwekewa picha achague kwa kidole, huenda akataka baiskeli. Mbinu ya Kanada humpa mtoto sauti ya kwanza, na sababu yake si ya upole tu. Mazoezi yanayoimarisha mkono na kubadilisha njia za neva ni yale yanayorudiwa mara mamia, mengi yake saa ambazo mtoa tiba hayupo na mama yuko sokoni, na mtoto hurudia kwa hiari yake kile tu anachokitaka yeye. Mtoto aliyeanguka kwenye baiskeli mara nyingi na kuamka kila mara amekwisha kufanya mazoezi ambayo hakuna kikao cha wiki kinachoweza kuyafidia, na mwandiko unaweza kuanza mwezi unaofuata.